Mzinga wa Baba Kirimi Kwa Nyumba ya Picha

Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, hata kuku alikuwa anaomba pasi ya kuvuka barabara. Na mimi nikaenda Embu! Kirimi wangu alitaka kuoa, na wakwe wakakataa asali nyingine: pombe ya mahari itoke mzinga wa baba yake, ule uko na alama ya ukoo. Baba yake amefungwa kizuizini. Vijana kama Kirimi hawapewi pasi. Mzinga nao ulibebwa siku askari walituchomea nyumba. Mwanamke kwetu hagusi mzinga, lakini nani amebaki?

Asubuhi, daraja la mto Thuci. Hom-gadi, askari wa serikali lakini kijana wa kwetu, kifua mbele: "Wewe mama! Pasi wapi?" Akaishika kichwa chini, akaisoma sana. "Sawa kabisa."

Mchana, Embu, kwa Mama Zuhura, bibi ya muuza nyama.

"Mzinga wako uko kwa jumba la chifu, dada. Siku hizi ni nyumba ya picha."

Jumba hilo! Mawe yake nilibeba na huu mgongo, kazi ya lazima. Chifu akakufa kabla ya rangi kukauka, serikali ikachukua, ikampatia memsabu mmoja, mama wa Kizungu. Ukutani, picha za farasi za Ulaya. Chini, vigoda vyetu, ngao, vibuyu ndani ya kioo. Wametuchomea nyumba, halafu wanaogopa kibuyu kishikwe na vumbi. Huruma hiyo!

Na hapo kando, mzinga wetu na alama yake! Nikaushika, memsabu akaimba na pua: "Hapana peleka! Hii mali ya watu yote!"

"Yote isipokuwa mimi?"

"Ndio!"

"Basi niipake mafuta, isipasuke."

"Oo, mama mzuri sana!"

Nikapaka nta na majani ndani, vile nilikuwa naona mzee wangu akipaka, nikageuza mdomo uangalie dirisha. Huko nje miti ilikuwa imejaa maua.

Nikakaa kwa Mama Zuhura, nangoja. Asubuhi moja memsabu huyo barabarani, kiatu huku, kofia kule! Nyuma karani wake amejifunika picha ya farasi. Mama Zuhura akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama! Nyuki! Peleka!"

"Lakini si ni mali ya watu yote?"

"Yako! Yako!"

Kesho yake alfajiri, nyuki wakiwa baridi, nikaziba mdomo na majani, nikabeba mzinga na kamba ya kichwa, kama yale mawe.

Darajani, yule simba wa hom-gadi: "Umebeba nini?"

"Weka sikio."

Akaweka. Hiyo siku hakuuliza pasi.

Asali ilipojaa Kirimi alioa, na wakwe walikunywa wakaimba. Mimi nilijifunza moja: ukienda kudai mali yako kwa jumba la wakubwa, usiende peke yako.