Safu ya Kushoto

Kazini wanamwita Bubu, na hilo halimuudhi, kwa kuwa analipwa ili akae kimya. Wenye programu za simu humletea kazi yao kabla haijatoka, naye huwaita watu wa kawaida mmoja mmoja, leo fundi cherehani, kesho mwalimu, akawapa simu na kuwaambia la kufanya. Kisha huketi kando akawatazama wanavyohangaika. Mtu akipotea, hamwonyeshi njia. Akiuliza, "Hapa nibonyeze wapi?" Bubu humjibu, "Wewe ungebonyeza wapi?" Wengine huondoka wakiamini kwamba naye hajui.

Chumba chenyewe ni kidogo: meza, viti viwili, kamera inayoning'inia juu ya simu, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Kabla ya kuanza ana maneno yake, na hayapunguzi hata kwa mtu mwenye haraka: "Hapa hatukupimi wewe, tunapima programu. Ukikosea, kosa ni letu." Hayo anayaamini. Asiyoyaamini ni ya wageni wake, maana watu wana adabu mno. Mtu atatoka jasho, atapotea, atabonyeza kila kitu isipokuwa kinachotakiwa, halafu atarudisha simu akisema, "Nzuri sana, hongereni." Kilemba cha ukoka hicho. Bubu huuacha ulimi useme utakalo, yeye akakitazama kidole gumba.

Nyumbani tabia hiyo haina wapenzi. Mkewe husimulia jinsi alivyoitafuta chumvi jikoni hadi mboga ikaungua, mume kasimama mlangoni anamtazama tu, na mwishowe akatamka, "Chumvi inafaa ikae karibu na jiko."

"Si ungeniambia tu iko wapi!"

"Ningekwambia, nisingeliona tatizo."

Siku hiyo alilala na njaa, na haki yake.

Baba yake ni dereva wa basi la shule tangu Bubu ana meno ya utoto. Hajawahi kumgusa mtu barabarani, na anajivunia hilo kuliko nyumba aliyoijenga. Siku hizi basi lina mikwaruzo ubavuni, upande wa kushoto, na geti la shule limepinda. Ukimuuliza, atakwambia geti lilijengwa na mtu asiyejua upana wa basi. Geti ni lile lile la miaka yote.

"Uwe unatazama, baba watoto," mama humwambia.

"Mwenye macho haambiwi tazama," hujibu, na mazungumzo huishia hapo.

Basi ikaja programu ya mabasi ya shule. Dereva huonyeshwa viti vyote, safu ya kushoto na safu ya kulia, na uso wa kila mtoto kwenye kiti chake. Mwisho wa safari hubonyeza kila aliyeshuka, ili asije akamfungia mtoto ndani. Walitakiwa madereva wa kuijaribu, na Bubu akawaita kadhaa, baba yake akiwamo.

Baba alibonyeza nyuso za kulia zote, taratibu, hakuruka hata moja. Akaiweka simu mezani. "Wote wameshuka. Nzuri, hongereni." Safu ya kushoto ilibaki kama ilivyokuwa.

Bubu aliandika kama kazi ilivyomfundisha: safu ya kushoto haionekani vizuri. Fundi wa programu, binti mwepesi wa kukasirika, akazikuza picha na kuipaka safu hiyo rangi ya kupiga kelele. Wakaja madereva wengine. Hakuna aliyeiruka. Hata ile ya kwanza, iliyofifia, hakuna aliyekuwa ameiruka isipokuwa mmoja. Binti akasema, "Huyo mmoja mwache." Bubu hakumwacha. Alimwita baba mara ya pili, akitaka kosa liwe la programu, na sidhani kama aliwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu hiyo.

Baba aliingia akaweka funguo za basi mezani, upande wake wa kushoto, akanywa maji, akaanza. Kulia, kulia, kulia. Akamaliza.

"Unaona nini kwenye skrini, Baba?"

"Naona basi. Ila hili lenu dogo, lina safu moja tu."

Bubu akaiweka kalamu chini.

Baba akainuka, maana watoto hutoka saa nane. "Funguo zangu nimeziweka wapi?" Zilikuwa pale pale mezani, karibu na mkono wake. Alipapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali, akainama kuchungulia chini ya kiti. Bubu alinyamaza, sijui kwa mazoea au kwa woga. Mwishowe baba akageuza shingo yote, akaziona. Akazitazama muda mrefu kuliko funguo zinavyostahili. Kisha akamtazama mwanawe, akakuta machozi yanamlengalenga.

"Si ulisema hapa hampimi mtu?"

"Nilisema, Baba."

Mzee akaketi tena. "Kwa hiyo kuna safu nyingine."

"Ipo."

"Ina watoto wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Nimewaacha ndani."

"Ndiyo, Baba."

Maji yalidondoka kwenye ndoo. Baba akazichukua funguo, akazisukuma mezani hadi zikamgusa Bubu mkono.

"Mpigie mwalimu mkuu. Mwambie atafute dereva wa saa nane."

Bubu akashika simu. Akakosea namba, akakosea tena. Baba yake aliketi akimtazama, wala hakusema neno.