Donge Ndani ya Gilasi

Harufu ya hamira hunirudisha darasani, katika shule ya mabati chini ya kilima cha Naguru, ambako sisi watoto wa askari polisi tulisoma huku tukisikia gwaride kupitia dirisha lisilo na kioo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Miaka ile ya utawala wa jeshi wazazi wetu walituonya kwamba kuuliza humpoteza mtu, na akishapotea hata jina lake halitajwi. Mwalimu Nakato peke yake ndiye aliyetuuliza tulivyofikiri. Kila jibu aliliandika ubaoni, na hata lililokosewa hakulifuta mpaka tulipolijaribu kwa mikono yetu.

Asubuhi moja somo lilikuwa kuzama na kuelea. Wenzangu walisema jiwe huzama kwa kuwa ni zito, ukuni huelea kwa kuwa ni mkavu. Chaki ikaandika yote. Zamu yangu ilipofika nilisema nililolibeba tangu likizo, tulipovuka daraja la mto na baba kwenda kaskazini kwa bibi.

"Mtu huzama kwanza, halafu huelea. Nimemwona."

Chaki ilisimama. Nyuma yangu alikaa Kassim, ambaye baba yake hakuvaa sare, wala hakuna aliyethubutu kutaja kazi yake. Neno lililosemwa mbele ya Kassim lingeweza kufika kwao kabla ya chakula cha jioni, na gari likaja kumchukua mwalimu, au baba yangu.

"Ulimwona wapi?" Kassim aliuliza.

Mwalimu angeweza kunikemea, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliandika polepole: Kilichozama kinaweza kuelea baadaye.

"Wapi, hilo si swali la sayansi, Kassim," alisema. "Swali ni hili: nini kimebadilika?"

Kassim aliisoma tena sentensi ile ubaoni. Kisha akasema labda kuna kitu kimejaa ndani, kwa sababu unga wa mandazi wa mama yake, ukifunikwa, huvimba wenyewe. Mwalimu akamwomba alete donge. Unga wa ngano ulikuwa umeadimika mjini, kwao haukukosekana.

Kesho yake alikuja nalo ndani ya jani la mgomba. Lilitumbukizwa katika gilasi ya maji ya vuguvugu, likazama. Tulingoja bila hata kukohoa, buti zikipita nje. Hatimaye donge likatikisika, likapanda taratibu hadi juu. Mwalimu akaliminya, viputo vikatoka, nalo likazama tena. Sentensi yangu ilikuwa ya kweli, lakini ndiyo aliyoifuta kwanza, kabla mtu wa nje hajaisoma.

Tulipotoka, Kassim alinivuta shati.

"Sikia, wee. Jana baba aliniuliza tumesoma nini. Nikamwambia mandazi." Akatazama barabarani. "Na wewe ukiulizwa, ni mandazi."

Sikuendelea sana na shule. Mengi nimejifundisha kwa vitabu vikuukuu vinavyouzwa kando ya barabara huko Wandegeya. Leo binti yangu huuliza lolote kwa sauti, madirisha wazi, na mwalimu wake humpa jibu kabla hajamaliza swali. Nafurahi kwamba haogopi. Ila akirudi nyumbani namwuliza yeye mwenyewe alifikiri nini, kisha nanyamaza na kungoja, kama tulivyoingojea gilasi ile.