Binti yangu alivyochagua bastola akiwa amefumba macho

Leo nimemwona Solange wangu akichagua bastola macho yamefumbwa. Bado nashangaa.

Ngoja nieleze. Klabu ya kulenga shabaha humwazima mwanachama mpya bastola moja tu kwa msimu mzima. Ndiyo atakayoitumia kushindania nafasi kwenye timu. Akikosea kuchagua, basi.

Zote ni za risasi ndogo, ile ya bei nafuu isiyotikisa mkono. Tangu tutoke nyumbani Kicukiro nilikuwa namhubiria achukue mpya, inayong'aa.

Kocha akampa ile mpya, akamwambia, "Haina risasi. Tazama shabaha, fumba macho, inua mkono, fumbua. Inayokufaa itaelekea shabaha yenyewe."

Ile mpya ilikuwa imeelekea pembeni kabisa.

Akajaribu nyingine, kuukuu, mpini umechubuka. Alipofumbua macho, ilikuwa imetulia katikati ya duara jeusi.

Nikaacha mahubiri yangu. (Mnaonijua, hilo si jambo dogo.)

"Papa, jaribu na wewe hiyo mpya yako," Solange akaniambia.

Nikafumba, nikainua, nikafumbua.

"Papa! Hiyo shabaha ni ya jirani!"

Akachukua ile kuukuu, kocha akaitia risasi, naye akalenga, akafyatua mara moja.

Karatasi yake ya shabaha nimeibandika sebuleni. Njooni mwone tundu lilipo.