Safari ya Hamisa kwa Mjusi Mkubwa

Hamisa alikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Kwa Mathias, akishona sare za shule kwenye kibaraza kinachotazama barabara ya Morogoro. Mumewe, Abdala, alikwenda Maskati kuendesha lori, akafia huko ghafla, kifua kilimbana akiwa kazini. Waliopiga simu kutoka Maskati walimuuliza Hamisa jambo moja tu: azikwe hukohuko, au asubiri kusafirishwa? Hamisa akasema azikwe.

Tangu siku hiyo mama mkwe wake, Bibi Mwanaamina wa Marui, Kisarawe, alimwitikia salamu na hakumwongezea neno. Hakumtukana wala hakumfukuza. Wajukuu aliwapenda, na hakuna gari lililotoka Kisarawe bila kifurushi chao cha mihogo au machungwa. Lakini kwa Hamisa alipita kama mtu anayepita mlango uliofungwa. Majirani walimsikia akisema, "Mwanangu ameachwa jangwani, na aliyemwacha nakula naye sahani moja." Maneno hayo yalimfikia Hamisa, kama maneno ya namna hiyo yanavyofika siku zote. Akayameza.

Mambo yakakaa hivyo mpaka Yasmin, binti yake wa kwanza, alipopata wazimu wa dainosa. Ulianza kwa katuni za kwenye simu. Kisha mwalimu wao akasema darasani kwamba mmoja wa wanyama wakubwa kabisa waliowahi kukanyaga ardhi alichimbwa hapahapa Tanzania, mkoani Lindi. Siku hiyo nyumba haikukalika.

"Mama, ni wa kwetu! Twende tukamwone."

"Anauma?" akauliza Rajabu, mdogo wake, aliyekuwa bado chekechea.

"Amekufa zamani, mjinga wewe."

Bibi Mwanaamina alikuwa kwao wiki hiyo, amekuja kutibiwa macho. Hamisa alipowaahidi watoto kuwapeleka Makumbusho ya Taifa Jumamosi, Bibi akasema kutoka kwenye mkeka wake, bila kumtazama mtu, "Na mimi nakuja. Nimeshaambiwa macho yanaona."

Jumamosi wakaingia mjini, Bibi kavaa baibui lake la sikukuu. Makumbusho iliwapendeza. Walitazama fuvu la mtu wa kale, walitazama magari ya viongozi wa zamani, Rajabu akataka kupanda moja. Lakini Yasmin alikuwa akipita tu, shingo juu, akitafuta kitu kirefu. Mwishowe alimwendea mwongoza wageni, dada mmoja aitwaye Laurensia.

"Shikamoo. Dainosa wa Lindi yuko chumba gani?"

Laurensia akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Marahaba. Yule mjusi mkubwa hayupo hapa, mdogo wangu. Yuko Ujerumani, Berlin. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Wajerumani wakitawala huku, mifupa yake ilichimbwa mahali panaitwa Tendaguru. Ikabebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, mpaka Lindi mjini, ikapakiwa melini. Huko wakaiunganisha, wakamsimamisha. Ni mrefu kama ghorofa nne hivi."

"Walioibeba ni akina nani?" akauliza Bibi.

"Watu wa kwetu, bibi."

Yasmin akasema, si kwa huzuni, ila kama mtoto anayepanga vitu mahali pake: "Kwa hiyo yuko mbali kama baba."

Hamisa hakuthubutu kumtazama mama mkwe wake. Walitoka nje bustanini, wakafungua chapati zao, na Rajabu akataka kujua kama Ujerumani kuna chapati. Ndipo Bibi Mwanaamina akasema, "Pale walipomtoa, pana nini sasa?"

"Yule dada amesema mashimo na pori, Mama."

"Basi twende tukayaone hayo mashimo."

Hamisa alidhani ni maneno ya hasira, yatapoa. Hayakupoa. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, Bibi aliteremka kutoka Marui na mkoba wake, akauliza basi la Lindi linaondoka saa ngapi. Wakavuka Rufiji, Bibi kabandika uso kwenye kioo, maana hakuwahi kufika kusini katika maisha yake. Lindi walilala nyumba ya wageni, na asubuhi wakakodi gari dogo la kuwaingiza porini Tendaguru.

Kijijini waliripoti ofisini kama walivyoelekezwa, wakapewa mwenyeji, Hashiru, mkulima wa ufuta mwenye sauti ya taratibu. Akawatangulia kwa miguu. Nyasi zilikuwa zimewazidi watoto kimo, na jua lilikuwa halina masihara. Baada ya mwendo mrefu akasimama mbele ya bonde dogo lililojaa vichaka.

"Ndiyo hapa," akasema.

Yasmin aligeuka huku na huku. "Hapa? Mbona hamna kitu?"

Hamisa alimwona midomo ikimcheza. Alijilaumu moyoni kwa kumburuta mtoto safari yote ile kuja kuonyeshwa majani. Lakini Hashiru hakukasirika. Inaelekea aliwaona wengi wakisema vile vile. Alifyeka nyasi kidogo kwa panga, akamlaza Yasmin chini chali, kisha akamlaza Rajabu baada yake, nyayo za dada kichwani kwa mdogo mtu.

"Tulieni. Toka kichwa chako wewe mpaka miguu ya huyu, huo ni mfupa mmoja tu wa mguu wake wa mbele. Mmoja, na si mguu wote."

Yasmin alinyanyua kichwa, akapima kwa macho, kisha akaanza kucheka, na Rajabu naye akacheka bila kujua cha kuchekea. Hashiru akawapeleka kwenye ukingo wa kijito kilichokauka, akawaonyesha kipande cha mfupa kimechungulia udongoni, kijivu, kizito kama jiwe. "Gusa. Kuchukua hairuhusiwi. Tukichukua kila mtu kipande, wajukuu zenu watakuja kuona nini?" Watoto wakagusa kwa kidole kimoja, taratibu, kama wanaogusa mnyama aliyelala.

Bibi Mwanaamina alikuwa ameketi chini, amenyoosha miguu. "Baba," akamwambia Hashiru, "ninyi hamtaki arudi kwao?"

Hashiru akafuta panga lake kwenye nyasi. "Wapo wanaotaka arudi hata kesho, mama. Na mimi siku nyingine ni mmoja wao, maana mababu zetu ndio waliombeba. Siku nyingine nasita. Akirudi kabla hatujamjengea nyumba, mvua ya hapa itammaliza. Ninachokitaka kwanza ni watoto wetu waweze kumfikia, wamwone."

"Na huko aliko, ana watu?"

"Nasikia hakosi wageni. Wanakwenda na watoto wao."

Bibi alichorachora mchangani kwa kijiti. Watoto walipoondoka na Hashiru kutazama shimo jingine, aliita, "Mama Yasmin. Njoo ukae."

Hamisa akaja, akakaa.

"Siku ile, walikuuliza nini hasa?"

Ilikuwa mara ya kwanza Hamisa kuulizwa. "Waliniambia kumsafirisha kutachukua muda, Mama, karatasi hazijakamilika, na mwenyewe yuko kwenye jokofu. Nikakumbuka msiba wa baba mkwe, ulivyosema maiti haicheleweshwi. Nilikupigia, simu haikupatikana. Nikasema azikwe."

"Nilikuwa shamba."

"Ulikuwa shamba, Mama."

Upepo ulipita kwenye nyasi. "Alioshwa na nani?"

"Mwishehe, yule wa Mlandizi. Walikuwa wakiishi chumba kimoja. Yeye ndiye aliyemwosha, akashuka naye kaburini."

Bibi alimgeukia. "Mtoto wa Mlandizi? Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama. Na mimi niliogopa."

Mama mtu alijifunika uso kwa ukingo wa mtandio, akalia kilio cha chini, kile ambacho msibani hakukilia. Hamisa hakujua kama ana ruhusa ya kumshika. Akamshika. Hakuondolewa mkono. "Basi aliguswa na mkono wa kwetu," Bibi akasema akipangusa macho. "Mimi nilidhani ni wageni watupu."

Mwishehe alipokuja likizo, Bibi Mwanaamina hakungoja aje kumwamkia. Alikwenda mwenyewe Mlandizi na jogoo mkononi. Akamsikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho. Akaonyeshwa picha ya kaburi kwenye simu: mawe mawili na changarawe, hakuna jina. Aliisogeza karibu na macho yake mapya. "Pasafi," akasema.

Hakusema kamwe kwamba Hamisa alifanya sawa, na Hamisa aliacha kusubiri aseme. Bado zipo siku Bibi huamka na uchungu wake akatamani mwanawe angekuwa Marui, ubavuni kwa baba yake. Lakini sasa humwambia mkwewe hayo, na wanakaa nayo wawili.

Safari nazo hazikuisha. Wazazi wanaoleta vitambaa vya sare pale kibarazani walisikia habari za Tendaguru, wakataka watoto wao waone kitu. Kwa hiyo likizo zikifika Hamisa huwakusanya, wakakodi basi dogo la Coaster. Makumbusho wamekwenda zaidi ya mara moja, na Laurensia sasa anawajua watoto kwa majina. Wamekwenda na upande wa Magindu, ambako mzee mmoja aliwaonyesha konokono wa bahari waliogeuka mawe, nchi kavu kabisa, mbali na pwani. Maji mengi, kofia, na mkono usiingie kwenye shimo usiloliona ndani: hayo Hamisa huyasema mpaka watoto wanayaimba.

Yasmin ameshatangaza kwamba akikua atakwenda Berlin kumwona mjusi wake, kisha apitie Maskati.

"Anzia Maskati, mama," Bibi humjibu. "Mjusi amezoea kusubiri."