Nyoka wa Kwingine

Baba yangu alichanjwa chale za nyoka akiwa kijana huko Usukumani, alipoingia kwenye kundi la wacheza ngoma na nyoka. Walimkata kwa wembe kwenye vifundo vya mikono na miguu, wakamsugulia unga mweusi wa mizizi uliochanganywa na sumu iliyokaushwa. Tangu siku hiyo alitembea porini kama mtu mwenye hati ya kiwanja. Mimi, muuguzi niliyesomeshwa kwa jasho lake, nilizicheka chale zile kila nilipomtembelea nyumbani kwake Pasiansi.

Siku aliyoumwa alikuwa akipalilia viazi karibu na mawe, nyuma ya nyumba. Kifutu, yule nyoka mnene mvivu asiyemkimbia mtu, alimgonga mkono wa kulia. Baba alimuua, akamaliza tuta lake, akanawa, akanywa uji. Jirani ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika saa sita mchana, mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko na ngozi inang'aa.

"Shikamoo, baba. Mbona hukuja hospitali?"

"Marahaba. Nimechanjwa, mwanangu. Hii itashuka yenyewe."

Nilimfokea kama ninavyowafokea wagonjwa wengine, nikamwambia sumu haiogopi wembe. Nilimpakia kwenye bajaji hadi zahanati ninayofanyia kazi, kule Mkuyuni. Njiani niliwaza kwa kujiamini kabisa, maana kwenye friji yetu sindano ya kutibu sumu ya nyoka ilikuwepo. Niliiagiza na kuipokea mwenyewe. Boksi lilikuwa na picha ya nyoka, nami sikutaka kujua zaidi ya hapo.

Mganga wa zahanati yetu aliniuliza kama dawa ipo, nikajibu ipo. Tuliichanganya kwenye dripu, kisha tukakaa kusubiri. Saa tisa uvimbe ulikuwa umefika begani. Fizi zake zikaanza kutoa damu, na vidole vikageuka rangi kama bilinganya. Tukaongeza kichupa kingine, lakini hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo nilipoogopa kwamba baba atanifia mikononi, nami nikiwa na sare yangu ya kazi.

Tulimkimbiza hospitali kubwa, nami nikalibeba boksi la dawa. Daktari wa pale alikuwa mtu mpole. Alikitaka kile kikaratasi cha maelezo kilichomo ndani ya boksi, akakisoma chote, akaniwekea kidole kwenye orodha ya nyoka. Walikuwa nyoka wa bara jingine kabisa. Kifutu hakuwemo.

"Sista, dawa hii inamjua nyoka aliyekamuliwa sumu ili itengenezwe," alisema. "Hata kifutu kwa kifutu, wa huku na wa mbali sumu zao zinaweza kutofautiana. Wa kwetu haimjui."

Walikuwa na dawa inayofaa, wakamtundikia hapo hapo. Fizi zilikauka, uvimbe ukasimama, baba akapona. Lakini vidole vitatu vilikuwa vimeshakufa, vikakatwa.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Baba aliamini alichopewa na wakubwa wake bila kuuliza ni sumu ya nyoka gani waliyomchanjia. Mimi nilifanya hivyo hivyo, ila nilikuwa na friji na cheti ukutani. Siku hizi sipokei boksi la dawa hiyo kabla sijasoma majina ya nyoka, jina moja moja, huku dereva aliyelileta akinuna mlangoni. Ninajua nimechelewa.

Ilinichukua wiki kadhaa kumweleza. Nilipiga magoti sebuleni kwake, nikamwambia dawa ya kwanza haikuwa ya nyoka wetu, na aliyeinunua bila kusoma ni mimi. Baba aliutazama mkono wake wa kulia ambao siku hizo aliufunika kwa leso watu wakija. Akaifungua leso, akaiweka mezani. Kisha akanyoosha ule mkono wenye vidole viwili ili nishike niinuke.