Slava Imehamia Vienna

Mkate wa slava wa Vukosava ulitoka jikoni saa tatu asubuhi, umeumuka vizuri, umesukwa juu kama nywele za bi harusi. Kulikuwa na ngano ya kuchemsha yenye sukari na jozi, kabichi zilizoviringishiwa nyama, nguruwe wa kuchoma. Yote kayapika peke yake, mwanamke wa miaka sabini na mbili, magoti yakimlalamikia.

Ilikuwa slava, sikukuu ya kila mwaka ya Mtakatifu Mrata, mlinzi wa ukoo wa mumewe Dragutin. Lakini Dragutin alizikwa Machi, na pale Svrljig, kwao Serbia, mkate hukatwa na mwanamume wa nyumba akiwa na padri. Aliyebaki ni Ljubiša, mwana wa pekee, fundi bomba huko Vienna. Asipoukata yeye, nyumba ile ndiyo basi tena.

Hakumwuliza kama anakuja. Jamani, slava haina mwaliko, wa kuja huja mwenyewe! Kumwalika mwanao kwenye slava ya baba yake ni kumtukana. Alimtandikia kitanda tu, akawa kila dakika yuko dirishani.

Padri Siniša alifika, akawasha mshumaa, akasubiri. Akaangalia saa, akakohoa. Ndipo simu ikalia.

"Heri ya slava, mama!" Nyuma ya Ljubiša kulikuwa na vicheko na kelele za sahani.

"Uko wapi, mwanangu? Padri yuko hapa anakungoja."

"Ananingoja mimi? Mama, sisi tumeshakata mkate. Padri wa huku katoka sasa hivi, nyumba imejaa watu. Si baba hayupo? Slava ni yangu sasa."

"Na mimi je, Ljubiša?"

"Sasa mama, ningekualikaje? Si wewe uliyenifundisha slava haina mwaliko? Nilijua utakuja. Nimekutandikia na kitanda."

Mtoto hakukosea hata kidogo, na hapo ndipo palipomuuma. Baba akifa slava humfuata mwana, kila mtu anajua. Yeye tu hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kupanda basi ikavuka mipaka na kumwacha jikoni na sufuria zake. Alimtakia heri, akakata simu.

"Njoo tuukate mkate sisi wawili, Mama Vukosava," padri alisema taratibu. "Mungu haangalii nani kavaa suruali."

"Mkate wa nyumba hii umeshakatwa, padri. Usinifanye niukate mara mbili."

Padri alimbembeleza, wapi! Mwisho akavaa koti lake akaenda nyumba nyingine.

Haikupita nusu saa, mlango ukagongwa. Alikuwa Tihomir, jirani na rafiki wa marehemu, kashika kwapani chupa ya rakia, pombe kali ya matunda.

"Shemeji, heri ya slava! Fungua bwana, naganda huku! Huyo nguruwe wako ananiita tangu kule darajani!"

Vukosava alifungua, lakini hakusogea kumpisha.

"Hapa hakuna slava, Tihomir. Iko Vienna, kwa Ljubiša."

"Acha utani, shemeji. Vienna? Na wewe mbona uko hapa?"

"Mimi huko ni mgeni tu," alisema, "na sikwenda." Akashika mwimo wa mlango, akaangua kilio mbele yake bila hata kujifunika uso.