Tonge Lisiloshuka: Hofu ya Mpishi wa Shughuli wa Mtunda

Saa nne asubuhi, Dimani, wilayani Kibiti. Mpishi, Bi Kijakazi, anapangua makaa juu ya mfuniko, anaufunua, na mvuke wa pilau unampiga usoni. Kwa wenyeji wa huku, sinia la harusi halitoki jikoni kabla mpishi hajameza tonge la kwanza, watu wakaona limeshuka.

Anafinyanga tonge dogo na kulipeleka mdomoni. Halitii kinywani. Kisha anamgeukia wifi yake, Mwanaheri, na kumlisha yeye.

Wanawake wanacheka, wakidhani ni utani wa mawifi. Mwanaheri analimeza, na masinia yanatoka, lakini yeye hacheki.

"Nilijua palepale," anasema baadaye. "Koo limeanza tena."

Kijakazi, mkazi wa Mtunda, amepikia shughuli za watu tangu ujana wake. Dar es Salaam walimkuta na saratani ya umio, njia inayoshusha chakula tumboni. Madaktari walipitia matundu madogo ya kifuani na tumboni, wakauondoa karibu umio wote. Mfuko wa chakula wakaukata ukawa mwembamba kama mrija, wakauvuta hadi shingoni na kuuunga na kipande cha juu kilichobaki.

Daktari alimchorea. Wapo wanaoungwa kifuani, alimweleza, na wapo wa shingoni. Wengine kwa mashine ya kubana pini, wengine kwa mkono. Yeye aliungwa shingoni, kwa uzi. Maungio ya hapo huvuja mara nyingi zaidi, lakini yakivuja huonekana mapema, na hatari yake ni ndogo kuliko yakivujia kifuani.

"Mie nilisikia neno moja tu, kuvuja," anasema Kijakazi. "Nikimeza mate nashika shingo. Hata chafya naiogopa."

Hayakuvuja. Balaa lilipita mlango mwingine. Maungio yalipopona yaliacha kovu, kovu likabana, na siku moja nyumbani nyama ikanasa. Mwanaheri akafanya ambalo mtu yeyote wa delta ya Rufiji, aliyelelewa kwa samaki, angelifanya kwa mtu aliyekwamwa na mwiba: akafinyanga tonge kubwa la ugali, akamwambia wifi yake alimeze bila kutafuna, lisukume.

Tonge likakaa juu ya nyama. Hata mate hayakupita. Wakampakia bodaboda hadi Kibiti, Mwanaheri nyuma akimshikilia, kisha gari la Dar es Salaam. Huko walimwingizia mpira wenye kamera, wakatoa kilichonasa na kuyatanua maungio.

"Nilikaribia kumuua wifi yangu kwa mkono wa kumlishia," anasema Mwanaheri.

Daktari aliwaonya kwamba kovu laweza kubana tena, na likianza warudi mapema. Limeanza, na Kijakazi hakurudi. Mchana huwaambia wanawe amefunga sunna, magharibi akanywa uji. Usiku hulala ameegemea mito, kama alivyofundishwa, macho kodo.

Mpira wa kamera haumtishi. Kinachomtisha ni kwamba saratani nayo ilianza hivihivi: ilikwama nyama kwanza, kisha wali, mwisho uji.

"Kovu linabana, na ugonjwa unabana. Nitajuaje kipi ni kipi? Nikikaa nyumbani, bado ni kovu."

Mwanaheri hataki kusikia hayo. Mficha maradhi, anamkumbusha, kilio kitamuumbua. Wamebishana nyuma ya jiko mpaka masinia yamerudi matupu, na Kijakazi amekubali kupanda basi la alfajiri, kwa sharti moja.

"Wakisema kovu, walitanue, nirudi, kuna harusi Mtunda mwezi ujao nimeshaitikia," anasema. "Wakisema lile jingine, wasiniambie mie. Wamwambie wifi. Mie nitamwangalia usoni tu, nitajua."

Mwanaheri ameitikia. Kisha ameinuka na kwenda kusugua sufuria ambalo limeshasuguliwa.